Konrodi za injini ya turbo yenye nguvu kubwa: pima kwanza, lipa baadaye

Kila wiki napata swali lilelile, na karibu kila mara linakuja na picha: seti ya konrodi (fimbo za chuma zinazounganisha pistoni na krenki, ekseli kuu ya injini) inang'aa, bei imezungushiwa duara jekundu, na chini yake maneno "fundi, hizi zinabeba farasi 600?" Muulizaji anaweza kuwa chalii wa Njiro hapa Arusha mwenye Subaru Forester, au kijana wa Moshi aliyebahatika kupata Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE. Jibu langu halijawahi kubadilika: sijui, na wewe hujui, mpaka tujue mambo manne matano ambayo picha haiyaonyeshi. Nimeyaandika yote hapa ili nisiyarudie tena kwa simu nikiwa na mikono ya oili.

Naongelea injini za petroli zenye turbo. Dizeli ina hesabu zake, tuiache.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Namba ya injini uliyoisoma mwenyewe kwenye bloku. Usitegemee kadi ya gari. Injini nyingi hapa mjini zilishabadilishwa, kadi inasema lake na bloku linasema lake.
- Maikromita mbili, ya milimita 25 hadi 50 na ya 50 hadi 75, pamoja na geji ya kupimia ndani ya tundu. Kama huna, tafuta fundi mashine atakayepima ukiwa umesimama pale pale. Anayekwambia "acha, nitakupigia" mshukuru, kisha nenda kwa mwingine.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ambayo haijawahi kutumika kufungulia nati za magurudumu.
- Geji ya kupima kurefuka kwa bolti. Ni kifaa kidogo chenye saa katikati, na watu wengi hawana. Hata cha kuazima kinatosha.
- Plastigeji (uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi), vania kalipa, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Daftari. Simu inaingia oili na kalamu haina betri.
- Fedha ya kazi nzima: konrodi, bolti, beringi, pistoni, ringi, gasketi, na kazi ya mashine. Bei ya mtandaoni siyo bei ya Arusha. Kuna usafiri, kuna ushuru, na kuna safari za kufuatilia mzigo.

Nadharia, kidogo tu

Konrodi inateswa kwa namna mbili. Mafuta yanapolipuka, inasukumwa chini. Chukua pistoni ya milimita 86, ya injini za Toyota JZ au 3S-GTE. Presha ndani ya silinda ikifika baa 100, ile pistoni inabeba karibu tani 5.9. Ni kama umemsimamisha tembo dume wa Tarangire juu ya silinda moja, mara maelfu kwa dakika. Mateso haya yanatokana na presha ya turbo, na ndiyo yanayopinda konrodi.

Namna ya pili ni kuvutwa. Pistoni ikifika juu mwishoni mwa kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuirudisha chini. Konrodi ndiyo inayoivuta, na mzigo wote unaning'inia kwenye bolti mbili zinazofunga kofia, yaani nusu ya chini ya tundu kubwa linaloshika krenki. Mzigo huu unatokana na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), tena unapanda kwa mraba wake. Kwenye 2JZ, ukihesabu pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi kuwa gramu 650, unapata karibu tani 2 kwa RPM 7,000. Ongeza elfu moja tu, inakuwa tani 2.6.

Kwa hiyo presha inapinda mwili wa konrodi, RPM inakata bolti. Ukilishika hilo, matangazo ya wauzaji yatakusumbua kidogo sana.

Hatua kwa hatua

1. Andika lengo lako kwa toki (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm) na RPM. Namba ya farasi peke yake haisemi kitu. Hesabu ni hii: toki kwa Nm, zidisha kwa RPM, gawanya kwa 7121, unapata farasi. Farasi 500 kwenye RPM 7,000 ni toki ya takriban Nm 509. Farasi hizo hizo 500 kwenye RPM 5,000 ni Nm 712. Huyu wa pili ana turbo ndogo inayoshika mapema, na ndiye anayepinda konrodi, ingawa kijiweni wote wawili wanajisifia namba moja.

2. Hesabu mwinuko wa unakoishi na unakokwenda. Hili nimeona mafundi wazuri wakilisahau. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi karibu 900. Hewa ya Arusha ina presha ya takriban baa 0.86, ya Dar es Salaam 1.01. Kama presha ya turbo inadhibitiwa na springi ya westigeti (valvu inayopitisha moshi pembeni ili turbo isizidi) peke yake, geji ikisoma baa 1.2 hapa Arusha, jumla inayoingia kwenye injini ni 2.06. Shuka nayo Tanga Krismasi, geji inasoma 1.2 ileile, lakini jumla ni 2.21. Umeongeza zaidi ya asilimia 7 bila kugusa chochote, na bado joto la pwani linaivuta injini kwenye kunoki (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda, nje ya mpangilio). Kwa hiyo chagua konrodi, na tyuni injini, kwa mahali pa chini kabisa gari itakapofika. Kama kompyuta yako inasoma presha halisi na kudhibiti turbo kwa hiyo, una nafuu, lakini mwulize aliyekutyunia. Usikisie.

3. Hakikisha konrodi ndiyo kiungo dhaifu. Kwenye Subaru EJ257, pistoni za kiwandani kwa kawaida hupasuka kwenye kingo za ringi kabla konrodi hazijalalamika. Kununua konrodi za gharama na kuzifungia pistoni zile zile ni kubadilisha mlango wakati ukuta una ufa. Vivyo hivyo, mwenye injekta ndogo na pampu iliyochoka atainyima injini mafuta, itanoki, na hakuna konrodi inayovumilia kunoki kwa muda mrefu. Mlolongo wangu: mafuta na tyuning kwanza, kisha pistoni na konrodi kwa pamoja, siku moja, injini ikiwa wazi.

4. Pata vipimo vinne. Urefu kutoka katikati ya tundu kubwa hadi katikati ya tundu dogo. Kipenyo cha pini ya pistoni. Kipenyo cha shingo ya krenki, pale konrodi inaposhika. Upana wa konrodi pale inapokaa kwenye krenki. Urefu wa kiwandani wa injini tunazokutana nazo zaidi:

- 1JZ-GTE: milimita 125.25
- 2JZ-GTE: milimita 142
- 3S-GTE: milimita 138
- 4G63 ya Mitsubishi: milimita 150
- EJ20 na EJ25: milimita 130.5

Tahadhari: 1JZ na 2JZ zina silinda ya 86, pini ya 22 na shingo ya krenki ya 52, zote sawa. Muuzaji atakwambia "JZ ni JZ, bosi." Siyo. Konrodi ya 2JZ imezidi ile ya 1JZ kwa karibu milimita 17, na utagundua siku umeshachana boksi na muuzaji hapokei simu.

Ukitaka konrodi ndefu au fupi kuliko ya kiwandani, jumlisha: nusu ya mwendo wa pistoni, urefu wa konrodi, na urefu wa pistoni kutoka katikati ya pini hadi juu. Jumla ilingane na urefu wa bloku kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu, au ipungue kidogo. Ikizidi, pistoni inatokeza nje ya bloku. Anayeanza abaki na urefu wa kiwandani.

5. Chagua chuma na umbo. Kwa gari ya barabarani na ya rali, jibu ni chuma cha 4340 kilichofuliwa. 300M ni ndugu yake mwenye nguvu zaidi na bei zaidi. Alumini ni ya mbio fupi za mstari ulionyooka, kwa sababu inachoka haraka na lazima ibadilishwe kwa ratiba. Titani ni nyepesi mno, bei yake nayo itakufanya uuze gari.

Umbo la H au la I? Hapa ndipo watu wanagombana usiku kucha. Ukikata konrodi katikati, utaona herufi hiyo. H ni nyepesi, rahisi kutengeneza, na inatosha injini nyingi. I nene iliyotengenezwa kwa ajili ya turbo inastahimili kusukumwa vizuri zaidi, ndiyo maana wenye toki kubwa ya mapema wanaipenda. Mimi kwa Nm 500 hadi 600 nachukua H ya kampuni inayoeleweka, kama Manley, Carrillo, K1 au Eagle, bila kulala macho. Toki ikipanda sana, naenda kwenye I. Lakini H nzuri inaishinda I ya ovyo kila siku ya Mungu.

6. Soma bolti kabla ya kusoma konrodi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliumia.

Seti moja ya konrodi inaweza kuuzwa na bolti tofauti, na tofauti ya bei inatoka huko. Kwa bolti za kampuni ya ARP, zile za chuma cha 8740 zina nguvu ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 200,000 hivi. ARP2000 ni 220,000. L19 na Custom Age 625+ ni 260,000. Kwa kazi nyingi za hapa ARP2000 inatosha. L19 ina nguvu lakini inaogopa unyevu na jasho la mkono: kutu ndogo usiyoiona inaweza kuivunja. Kwa karakana zetu zenye vumbi la Kisongo na mikono mitupu, siipendekezi.

Sasa kisa changu. Niliifunga 1JZ yangu mwenyewe kwa kujiamini. Kadi ya bolti ilitoa namba ya toki, nikaikaza kwa namba hiyo hiyo, ila nilipaka oili ya injini badala ya mafuta maalumu yaliyokuja kwenye kipakiti. Niliona ni kitu kilekile. Namba ile ilikuwa ya mafuta yale yanayoteleza zaidi. Kwa oili ya kawaida, nguvu nyingi iliishia kwenye msuguano na bolti haikuvutika inavyotakiwa. Ilikaa miezi. Jioni moja, kabla ya kufika Usa River, nikasikia mlio kama mtu amepiga sufuria kwa nyundo, kisha kimya, kisha harufu ya oili juu ya egzosti. Tundu kwenye bloku lilitosha kuingiza ngumi.

Kipande cha bolti ninacho mpaka leo kwenye kopo la misumari. Uso wake uliokatika una mistari mingi myembamba iliyopinda, kama pete za mti uliokatwa kwa msumeno, na pembeni tu kuna sehemu ndogo yenye chembe mbaya. Ile mistari ni safari: bolti ilikuwa inakatika kidogo kidogo kila siku nilipokuwa naendesha nikiimba. Zile chembe ni sekunde ya mwisho.

Kwa hiyo: paka mafuta yaliyotajwa kwenye kadi, na kaza kwa kupima kurefuka. Spana ya toki iwe msaidizi tu. Muuzaji asiyejua kukwambia bolti zirefuke kiasi gani anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na neno "ARP2000" lililochorwa kwenye boksi halithibitishi chochote. Nunua kwa wakala unayeweza kumrudia.

Konrodi zilizotumika? Zinapita nyingi, za Namanga na za Gerezani, nyingine zinavutia kweli. Uchovu wa chuma hauonekani kwa macho. Bila kupimwa nyufa kwa sumaku na bila bolti mpya, mimi sizifungi.

7. Pima ulicholetewa. Zipange mezani kwa namba. Pima uzito wa kila moja, zisipishane zaidi ya gramu mbili hivi kwa seti. Funga kofia, kaza bolti kwa kipimo kamili, halafu pima tundu kubwa sehemu tatu. Tundu lisipokuwa duara, rudisha. Kila kofia ina mwenzake. Ukizichanganya umeharibu seti, na usijaribu kupiga alama kwa panchi na nyundo. Tumia kalamu ya rangi.

8. Weka nafasi ya oili kati ya beringi na shingo ya krenki. Kanuni ya zamani ni elfu moja ya kipenyo cha shingo. Kwa shingo ya milimita 52, ni karibu milimita 0.05. Kama krenki ilishachongwa, agiza beringi za andasaizi (nene kuliko za kawaida) zinazolingana, na upime tena hata hivyo. Plastigeji inakupa picha, maikromita inakupa ukweli. Usisugue beringi kwa msasa "ili ikae vizuri." Nimeshaona.

9. Funga bila ringi, zungusha kwa mkono. Konrodi za H zina mabega mapana. Zinaweza kugusa ukingo wa chini wa silinda, au, kwenye JZ, ile mirija midogo inayopulizia oili chini ya pistoni. Bandika udongo wa kuchezea wa watoto sehemu za hatari, zungusha krenki mizunguko miwili kamili, kisha kata udongo kwa wembe upime unene. Ukipata chini ya milimita 1.5, ondoa chuma kwenye bloku, kamwe siyo kwenye konrodi.

10. Kaza ya mwisho, andika. Pima urefu wa kila bolti ikiwa huru na uandike. Kaza mpaka irefuke kama kadi inavyosema. Hizo namba zihifadhi: siku utakapofungua injini tena, bolti yoyote iliyobaki ndefu kwa milimita 0.025 au zaidi kuliko mwanzo, itupe. Baada ya kuwasha mara ya kwanza, mwaga oili mapema na ukate filta uangalie ndani.

Ikileta shida

*Inagonga ukikanyaga, inanyamaza ukiachia.* Zima. Usiiendeshe "mpaka nyumbani tu." Fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), toa beringi, zisome. Kipande cha juu, kilichokaa kwenye konrodi, kikiwa kimeliwa zaidi, ni mzigo wa mlipuko: presha nyingi au kunoki. Kipande cha kwenye kofia kikiliwa zaidi, umezidisha RPM. Kikiliwa kona moja juu na kona ya upande wa pili chini, konrodi imepinda au imejikunja.

*Presha ya oili iko chini injini ikiwa moto.* Nafasi ya oili ni kubwa mno, au oili ni nyepesi kwa nafasi uliyoweka. Rudi kwenye daftari kabla ya kulaumu pampu.

*Bolti inazunguka lakini hairefuki kama inavyotakiwa.* Angalia mafuta uliyopaka, uchafu kwenye nyuzi, na kama kofia imekaa sawa kwenye pini zake. Ikirefuka kupita kipimo, usiirudishe nyuma. Itupe.

*Silinda moja ina kompresheni ndogo na ringi ni mpya.* Kabla hujavua hedi na kulaumu valvu, toa plagi zote, ingiza kijiti kirefu kilichonyooka, leta kila pistoni juu kabisa na pima kina kwa vania. Pistoni iliyo chini kuliko wenzake, hata kwa nusu milimita, imebebwa na konrodi iliyopinda. Niliwahi kuletewa EJ20 ambayo mwenyewe alishabadilisha gasketi ya hedi mara mbili. Kijiti cha mshikaki kilimaliza ubishi kwa dakika kumi, na pistoni ile tulipoitoa, sketi yake ilikuwa na alama mbili za kung'aa mahali ilipokuwa inabusu uzito wa krenki.